Mwenyekiti wa Kamati ya Chai

Mathe, mama yangu, alikuwa mwenyekiti. Alichukua kiti nikiwa darasa la tatu, na miaka yote hiyo hakupinduliwa, hakushtakiwa, hata uchaguzi wa kumtoa haukuwahi kuitishwa, kwa sababu hakuna mwanaume aliwahi kukitaka hicho kiti. Mathe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chai.

Kamati yenyewe ni ya chama cha watu wa shamba. Shamba ni la katani, mwendo wa asubuhi nzima kwa basi kutoka hapa kwetu Shauri Moyo, Nairobi. Babu alikata katani huko mpaka akafa. Shosho, bibi yake, akakata mpaka mgongo ukakataa. Mathe naye angekata kama hangetoroka akiwa msichana akaja soko la Gikomba kuuza nguo za watoto, akanizaa, akanilea kwa chumba kimoja chenye pazia katikati, akanisomesha mpaka darasa la nane, hapo tukakubaliana, mimi na walimu, kwamba inatosha. Siku hizi nagonga masanduku ya bati ya watoto wa bodingi. Ni kazi ya kelele. Ukitaka kumwambia mwenzako akupitishie msumari, lazima upige nduru kama mtu anaibiwa.

Kampuni ya katani ilikufa kitambo. Iliacha mashine zenye kutu na watu wenye nyumba za udongo, na hakuna mtu alikuja kuulizia mashine wala watu. Halafu bei ya mashamba ikapanda, kampuni ikafufuka. Sijui kanisani kwenu mnafundishwa nini kuhusu ufufuo, lakini huu wa kampuni ulikuja na trekta.

Siku trekta ilikuja kubomoa zile nyumba, wazee wa shamba walikuwa kwa kikao wakijadili kama waende kuizuia ama watume mtu kwanza. Wakina mama hawakuwa wamealikwa kwa kikao, kwa hivyo hawakujua kwamba jambo bado halijaamuliwa. Walibeba sufuria, wakapanga mawe matatu katikati ya barabara, wakawasha moto, wakateleka githeri, mahindi na maharagwe. Mathe alikuwa amepanda basi ya alfajiri na wenzake wa Gikomba, na githeri lilikuwa wazo lake. Wengine walitaka kupika chai. Akawaambia chai inaisha haraka. Mtu akiona umeweka maharagwe makavu kwa moto, anajua umekuja kukaa.

Dereva wa trekta akangoja maharagwe yaive. Yakaiva. Wakampakulia, akala, akashukuru, wakateleka mengine. Mwishowe akageuza trekta akaenda, na nasikia alikuwa amenenepa kidogo.

Wazee walifika barabarani kikao chao kikiwa kimeisha, wamekubaliana kwa kauli moja kwamba waende. Gazetini ikatoka picha yao wamesimama pale trekta ilipokuwa, yule ambaye baadaye alikuja kuwa mwenyekiti ameinua fimbo juu kama Musa. Mathe aliikata hiyo picha akaibandika ukutani, juu ya jiko. Ukiangalia vizuri, huko nyuma ya wazee kuna mgongo wa mwanamke ameinama. Ni yeye. Anaosha sufuria.

Baada ya huo ushindi ndio chama kikapata viongozi. Kwa kuwa nusu ya watoto wa lile shamba wamejaa hapa Eastlands, mikutano ikawa inafanyiwa kwa hall moja mtaa wa Mbotela. Kukachaguliwa mwenyekiti, naibu wa mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mshauri, na mshauri mkuu wa kumshauri mshauri. Wote wanaume. Halafu mtu mmoja akakumbuka kwamba kuna watu walipikia trekta githeri, akasema, "Na hawa mama zetu tusiwasahau." Hawakusahauliwa. Walipewa kamati ya chai.

Sasa kuna hii mambo ya fimbo. Kwa ile mikutano, mwenye kuongea lazima ashike fimbo, na mwanamke hashiki fimbo. Ni mila. Mwanamke akiwa na neno, anampa mwanaume wa nyumba yake, bwana ama kaka ama mtoto, huyo ndiye anasimama na kulisema. Nikiwa mdogo niliuliza hiyo ni mila ya nani, maana shambani kulikuwa na kila kabila. Wakamba wakaniambia ni ya Wakikuyu. Wakikuyu wakasema ni ya Waluhya. Mluhya mmoja akaniambia nisimpotezee wakati.

Mathe hana bwana, kwa hivyo mdomo wake miaka yote ulikuwa kaka yake, mjomba wangu. Mjomba ni mtu mpole, anakaa mtaa wa Tena kwa nyumba ya gorofa, na huwa hana haraka. Mathe alikuwa anamnong'onezea mambo kutoka kwa meza ya chai mpaka jasho linamtoka: mipaka, makaburi, nani alihama, nani anauziwa vipande vya ardhi kichinichini. Mjomba anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, anashika fimbo, anasimama, anasema, "Dada yangu anawasalimia."

Basi mwaka huu serikali ikasema yale mashamba yagawiwe watu wanaoishi pale. Sorveya anakuja kupima ardhi na kuweka bikoni, yale mawe ya mpaka. Chama kitoe watu watatu wa kutembea naye wamuonyeshe hapa ni kwa nani na pale ni kwa nani. Wawili watoke shambani, mmoja atoke kwa sisi watu wa Nairobi. Sorveya hajui mtu. Ataandika jina lile ataambiwa.

Jumamosi moja mjomba akaja kwetu na mkate mkubwa. Mjomba akikuja na mkate ujue kuna kitu.

"Dada," akasema, akikaa kwa kitanda kwa sababu kiti ni kimoja, "mimi nitasimama niende na sorveya. Pale kwa mama nitaandikisha jina langu, ndio mambo iwe rahisi."

"Rahisi ya kufanya nini?" mathe akauliza.

"Ya kuuza. Kuna mtu yuko tayari. Mama amezeeka, dada. Nitamleta Tena, nimpe chumba chake, maji kwa mfereji, stima."

"Unakaa gorofa ya ngapi, mjomba?" nikauliza.

"Ya nne."

"Na mbuzi wa shosho? Wao watapanda ngazi ama utawajengea lifti?"

Mathe hakucheka. Alikuwa anakata mkate na kisu kikawa kimesimama katikati. Shosho alizaa watoto kwa ile nyumba, akamzika babu nyuma yake, na juzi tu alikuwa amepanda mhogo mpya. Hajawahi kulala mahali hawezi kusikia mbuzi. Huko Tena angekaa kwa dirisha akitazama tangi za maji za majirani mpaka siku yake ifike, na haingechelewa.

"Mama mwenyewe umemuuliza?" mathe akasema.

"Si ndio nakuuliza wewe."

Mjomba alipoenda, mathe aliacha chai yake mpaka ikashika ngozi juu. Halafu akaniangalia vile huwa anaangalia nguo ya mtumba, anatafuta kama kuna mahali imetoboka.

"Kesho unaenda wapi?"

"Jumapili? Inategemea itanipeleka wapi."

"Inakupeleka Mbotela. Vaa shati yenye kola."

"Nani amekufa?"

"Utakuwa mdomo wangu."

"Na wako una shida gani?"

"Uko kwa mwili wa mwanamke," mathe akasema. "Na usiongeze maneno yako. Sema yangu tu."

Sasa hiyo ndiyo kitu ya kumwambia mtu kama mimi.

Hall ilikuwa imejaa. Wanaume wamekaa mbele, wanawake wamekaa nyuma na kando, wale wa kamati ya chai wako pembeni na sufuria mbili kubwa na beseni ya mahamri. Mahamri yanaletwa na rafiki ya mathe, mama mmoja Mwislamu wa papo hapo Mbotela, ambaye baba yake aliendesha lori ya katani. Huyo mama ana mdomo ambao, kama ungeruhusiwa kushika fimbo, hata kampuni ingerudi kaburini.

"Leo umeleta mdomo mpya?" akamuuliza mathe, akinipima.

"Huyu wa zamani alikuwa amelegea."

"Huyu naye?"

"Huyu hana breki."

Mwenyekiti akafungua mkutano. Ni mzee wa heshima, ana koti la vifungo viwili na sauti ya mtu amezoea kungojewa amalize. Mathe akasimama nyuma yangu akaanza kunong'ona, nami nikaomba fimbo. Nikapewa. Ni fimbo nzito, nyeusi, ina chuma huku chini.

"Waambie anayeonyesha ndiye anayegawa," mathe akanong'ona. "Sorveya ana kalamu, lakini hana macho."

Nikasema vivyo hivyo, kwa ile sauti ya masanduku. Madirisha yakatetemeka. Watu wakageuka.

"Hiyo ni akili!" mzee mmoja wa mbele akasema. "Huyu ni kijana wa nani?"

"Ya mama yangu," nikasema. Nilimaanisha akili. Mzee akafurahi akadhani nimejibu swali lake.

Mathe akanong'ona kuhusu nyumba za shambani, kwamba waliobaki ndani ni wanawake, na wao ndio wanajua mpaka unapita wapi. Nikasema. Halafu ulimi ukateleza ukaongeza wake.

"Wazee wangu, kwa heshima. Sorveya akikuuliza choo ya kwenu shambani iko upande gani, wewe umekaa Nairobi tangu jogoo la kwanza, utamuonyesha wapi? Si utamuingiza kwa jikoni ya jirani?"

Hall yote ikacheka, hata mwenyekiti. Mathe akanifinya mgongoni, hapo karibu na figo, kwa kucha. Hiyo choo haikuwa kwa maneno yake.

Lakini mnajua kitu kilinishangaza? Yale mambo nilikuwa nasema niliyasikia nyumbani tangu nikiwa mtoto. Mathe aliyasema akipika, akikunja nguo, akinichapa. Aliyatuma kwa mjomba mikutano nenda mikutano rudi yakafika yakiwa salamu. Leo yametoka kwa mtu alimaliza darasa la nane kwa kuonewa huruma, na wazee wanatikisa kichwa wakisema, "Ona vijana wa siku hizi wamesoma."

"Waambie," mathe akanong'ona, na hapa sauti yake ilibadilika kidogo, "mwanamke aliyebaki kwa nyumba aandikwe yeye. Si kaka yake aliyehama."

Nikasema. Hapo hakuna mtu alicheka.

Mjomba akasimama polepole akitabasamu. "Kijana wangu anaongea vizuri. Lakini tuna mila. Mwanamke hashiki fimbo, atashikaje shamba?"

Watu wa mbele wakapiga makofi. Mathe akaninong'onezea kitu, nikageuka nimwangalie kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika.

"Mama anauliza," nikasema, "hii fimbo ilitoka wapi?"

"Kwa wazee," mwenyekiti akajibu mara moja.

"Wazee gani?"

"Wazee wa zamani."

Kulikuwa na mzee mmoja ameketi karibu na mlango, mzee sana, alikata katani na babu yangu. Huwa haongei kwa mikutano, na siku hiyo hakuomba hata ruhusa. "Ilikuwa ya nyapara," akasema. "Alituhesabu nayo asubuhi, na jioni alitupiga nayo. Mimi alama yake iko hapa." Akavuta suruali juu kidogo akaonyesha muundi. "Kampuni ilipokufa, huyu mwenyekiti aliiokota kwa ofisi."

Mwenyekiti akakohoa. Mshauri akamwangalia mshauri mkuu. Nilikuwa bado nimeishika, na nikaanza kuibeba kama mtu ameshikishwa mtoto ambaye si wake.

"Tuendelee na uchaguzi," mwenyekiti akasema.

Tukapiga kura ya mlolongo. Mgombea anasimama mahali pake, wanaomtaka wanapanga laini nyuma yake, mwenyekiti anahesabu vichwa. Jina la mjomba lilitoka kwanza, likaungwa mkono. Halafu mama wa mahamri akamfinya bwana yake, bwana yake akaruka akasema jina la mathe. Kukawa na miguno.

"Mwacheni asimame," mwenyekiti akasema kwa upole. "Serikali siku hizi inataka kuona jinsia zote. Na picha itapigwa."

Nilidhani tumemaliza. Halafu yule mzee wa "hiyo ni akili" akanyoosha mkono. "Mimi napendekeza huyu kijana! Ana sauti, ana mdomo, na ni mtoto wa shamba."

Jamani. Hall ikapasuka kwa makofi. Watu walikuwa wamenipenda. Nilimwangalia mathe, mathe akaniangalia. Nimeona hiyo sura mara moja tu, wakati jirani aliazima pasi yake akairudisha imeungua.

"Kataa," nikajiambia. Lakini ningekataa, wale watu wangu wangehamia kwa nani? Kwa mathe? Walikuwa wanaume, na mila iko, hata kama ni ya nyapara. Wangehamia kwa mjomba wote.

Tukapewa mahali pa kusimama. Mjomba alisimama kwa mlango. Mimi niliwekwa kwa dirisha. Mathe alikuwa amesharudi kwa meza ya chai, mwenyekiti akaona hakuna haja ya kumsumbua, akamwambia, "Wewe baki tu hapo hapo ulipozoea."

Halafu akatoa sheria, kwa sababu mwaka mwingine watu walikuwa wanahesabiwa huku, wanazunguka, wanahesabiwa kule. "Ukishaingia nyuma ya mtu, hutoki nyuma ya mtu huyo mpaka nikuhesabu! Ukitoka, kura yako imeharibika."

Watu wakaanza kujipanga. Nyuma ya mathe wakaenda wanawake, lakini si wote. Wengine walikuwa na kaka zao ndani ya hall, wakabaki wameketi wakiangalia viatu. Nyuma ya mjomba kukawa na laini nzuri, ndefu kupita ya mathe. Nyuma yangu mimi ikawa laini ya kuzunguka nguzo. Wazee, vijana, hata naibu wa mwenyekiti. Walikuwa wananigonga mgongoni. "Mheshimiwa!" "Utatununulia soda?"

Mathe alikuwa amesimama wima kabisa, mikono imeshikana juu ya leso, anaangalia ukuta. Yeye ndiye aliteleka githeri. Yeye ndiye anajua kila mti wa mpaka kwa jina la aliyeupanda. Na mtoto aliyefunzwa na yeye kufunga viatu amesimama mbele yake na wanaume nyuma kama treni, amebeba maneno yake na fimbo ya nyapara.

Mwenyekiti akaanza kuhesabu laini ya mjomba. Mimi nikaanza kutembea.

Sikupanga. Ningekuwa nimepanga ningevaa viatu vizuri. Niliondoka tu kwa dirisha, taratibu, nikakata hall katikati, na yule mzee nyuma yangu, kwa kuwa ameambiwa asitoke nyuma yangu, akanifuata. Aliye nyuma yake akamfuata. Laini ikajikunjua kutoka kwa nguzo ikaja. Watu walikuwa wanacheka, walidhani ni maskhara, na maskhara yangu huwa wanayapenda. Nikaenda mpaka mwisho wa laini ya mathe, nikasimama nyuma ya mama wa mwisho, nikatulia.

"Wewe!" mwenyekiti akapiga kelele. "Rudi mahali pako!"

"Mahali pangu ndio hapa, mzee. Mimi namchagua mama yangu."

"Huwezi! Wewe ni mgombea!"

"Mgombea hana kura?"

Akafikiria. "Anayo."

"Basi hesabu."

"Na hawa wengine watoke!"

"Watoke waende wapi, mzee? Si umesema anayetoka nyuma ya mtu wake kura imeharibika? Mimi ndiye mtu wao. Wako nyuma yangu."

Sasa hapo ndipo wale watu wakagundua wako wapi. Nikaona mmoja anainua mguu atoke, na mwingine. Naibu wa mwenyekiti akasema, "Hapana, hapana, hii si..." Na wakati huo huo mama wa mahamri, bila kumwangalia mtu, akafunua sufuria.

Mshawahi kusikia harufu ya chai ya tangawizi ikifunuliwa kwa watu wamekaa kikao tangu asubuhi? Mvuke ulipanda ukaenda mpaka kwa dari. Akafunua na beseni.

"Naona laini imejipanga yenyewe," akasema. "Nianze kumimina?"

Yule alikuwa ameinua mguu akaurudisha chini.

"Hii si kura!" mjomba akapaza sauti kutoka mlangoni. "Hii ni foleni ya chai!"

"Anayeona ni foleni ya chai atoke," mama wa mahamri akamjibu. "Apishe wenye kura."

Hakuna mtu alitoka. Watu wawili wa laini ya mjomba ndio walitoka, wakaja kwetu, kura zao zikaharibika lakini chai walipata. Mwenyekiti alihesabu mara mbili, mara ya pili akiwa na kikombe mkononi, na hesabu ikakataa kubadilika.

Ikabaki mambo ya fimbo, maana mjumbe hupewa fimbo akienda kazi. Mwenyekiti akaniangalia. Nikampa mathe. Mathe akaishika, akaipima uzito, halafu akatembea nayo mpaka mlangoni kwa yule mzee wa alama ya mguu, ambaye huwa anatembea akishika ukuta.

"Baba, hii ikusaidie kwenda nyumbani," akamwambia.

Mzee akaiangalia sana. Halafu akaiegemea, akainuka.

Tulirudi Shauri Moyo kwa mguu, kila mtu amebeba sufuria tupu. Nilingoja shukrani mpaka tukafika Jogoo Road.

"Mathe, umekasirika?"

"Nimeshinda kwa chai."

"Si umeshinda?"

Akatembea kidogo. "Miaka yote wamekunywa hiyo chai wakinipinga," akasema. "Leo wamekunywa wakinipigia kura. Chai ni ile ile." Halafu akaongeza, "Na wewe nilikwambia usiongeze maneno yako. Choo imetoka wapi?"

Sorveya alikuja shambani siku ile ile ya mkutano wetu mwingine wa Mbotela. Mathe akaenda na basi ya alfajiri, kiti chake cha chai kikabaki wazi. Ukaitishwa uchaguzi. Nilipita bila kupingwa, kwa sababu mama wa mahamri alisema anayeleta laini kwa sufuria ndiye anafaa kuisimamia. Kwa hivyo simu ilipolia nilikuwa namenya tangawizi, nikaiweka kwa spika katikati ya vikombe, wakina mama wakasogea.

"Tumefika kwa mama," mathe akasema. Upepo ulikuwa mwingi, na mbuzi. "Sorveya yuko hapa. Bikoni imeingia. Anauliza aandike jina la nani."

"Si useme lako!" mama wa mahamri akafoka. "Unangoja nini?"

"Ndio namwambia. Sorveya, andika..." akataja jina lake, lote, na la babu mwishoni.

Halafu tukasikia sauti ingine, ya chini, inatoka mbali kidogo na simu.

"Mnaandika nani hapo?" Ilikuwa shosho.

"Ni mimi, mama. Usijali. Kaka hatauza."

"Nimeuliza mnaandika nani."

"Mimi."

"Kwani mimi nimekufa?"

Wakina mama wakainamia simu. Hata mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kuulizia kama chai iko tayari, alisimama na kikombe.

"Mama, ni ili mambo iwe ra..." mathe akaanza, halafu akajisikia mwenyewe akiongea kama mjomba. Hakumaliza hilo neno.

"Huyu kaka yako alikuwa anataka kuandikwa mahali pangu akiwa Tena," shosho akasema, "na wewe unaandikwa ukiwa Gikomba. Mimi niko hapa. Kijana wa kupima, kuja. Andika mimi."

Sorveya akaandika. Tulisikia akimuuliza atamke jina pole pole, na shosho akimwambia amesharudia ya kutosha, kwani kwao hakuna wazee.

Mathe alisahau kukata simu. Kwa muda tulisikia tu upepo, halafu yeye akianza kucheka, kicheko cha mtu amebebwa na kitu, na shosho akimwambia aache kucheka apige hatua mpaka kwa mti wa jirani, mchana unaisha na wanawake wengine wanangoja.

Jioni picha ikaingia kwa simu yangu, nikiwa na mikono ya majivu. Shosho ameketi kwa kigoda mbele, miguu yake imebana bikoni kama mtu amekamata kuku. Mathe amesimama kando, kiatu kimoja kimejaa matope. Mbuzi mmoja anaangalia kamera. Wakina mama wakaipitisha mkono kwa mkono, ikarudi kwangu, nikaikuza kwa vidole.

Huko nyuma, karibu na jikoni, kulikuwa na mgongo wa mwanaume ameinama, amekunja mikono ya shati nzuri. Mjomba naye alikuwa amefuata sorveya mpaka huko akijaribu bahati yake ya mwisho. Sorveya na watu wake walikuwa wamepikiwa githeri, na vyombo lazima vioshwe.